Bodi Huuliza Ulisimamiwa na Nani: Mafunzo Niliyopata Nikiufuata Ubingwa wa Patholojia Kutoka Kolwezi

Mwezi haupiti bila daktari kijana kunipigia simu kutoka Kolwezi, Likasi au Fungurume. Amemaliza udaktari Lubumbashi, amepata namba yake ya Ordre, baraza la madaktari wa Kongo, anakesha zamu kwenye hospitali ya kampuni au ya misheni, na sasa anataka kuwa bingwa wa patholojia. "Lakini na bodi ya kimataifa, mukubwa." Humjibu kwamba bodi ya kimataifa haipo. Kuna bodi ya Marekani, kuna vyuo vya mabingwa vya Uingereza na Afrika Kusini, kuna tume ya Ufaransa, kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, kuna Ordre yetu wenyewe. Kila moja ina masharti yake, na aliyekubaliwa huku anaweza kukataliwa kule kwa makaratasi yale yale.

Mimi nilisomea udaktari Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), nikatibu Kolwezi kama daktari wa kawaida, nikaenda Muhimbili, Dar es Salaam, kuchukua MMed, shahada ya ubingwa, ya patholojia ya anatomia. Baadaye nilifuatilia njia ya Marekani hadi nikapata cheti cha ECFMG, kisha nikarudi Lualaba. Haya ndiyo niliyojifunza, nayo nayaandika kwa ajili ya hao wanaopiga simu, kwa sababu kwenye simu salio huisha kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe.

1. Chagua kwanza nchi utakayofanyia kazi, shule baadaye

Wengi wetu hufanya kinyume. Tunatafuta nafasi ya kusoma popote inapopatikana, tunapata shahada, ndipo tunauliza itatufikisha wapi. Kwenye patholojia mpangilio huo ni ghali mno.

Chukua Marekani. Bodi yao ya Patholojia, iliyoanzishwa mwaka 1936, haimpimi mtu kwa anachokijua mpaka kwanza imejua alifundishwa wapi. Kwa njia ya kawaida inataka miaka 3 ya mafunzo ukichagua patholojia ya anatomia peke yake, miaka 3 ukichagua ya maabara peke yake, na miaka 4 ukichukua zote mbili. Na miaka hiyo iwe kwenye programu iliyoidhinishwa Marekani au Kanada. MMed ya Dar, ya Kampala au ya Nairobi, hata iwe nzuri kiasi gani, haipunguzi mwezi hata mmoja katika hesabu hiyo. Mwenzangu mmoja aliingia kule akiwa bingwa kamili, amesaini ripoti za saratani kwa miaka, akaanza mwaka wa kwanza wa urezidenti pamoja na vijana waliokuwa wanaonyeshwa kwa mara ya kwanza jinsi ya kukata tezi ya matiti. Hakulalamika. Alisema alilipwa kwa kurudia darasa.

Anayetoka Kolwezi hulielewa jambo hili haraka nikimpeleka Musompo. Pale sokoni mchimbaji akifika na gunia lake, mnunuzi huelekeza mashine ya Metorex kwenye mawe, kiwango cha kobalti kinasomeka, bei inatajwa. Watu hugombana juu ya mashine, lakini hakuna anayeuliza shimo lilichimbwa na nani. Bodi hufanya kinyume chake: kabla ya kuyapima mawe yako, inataka jina la shimo, jina la msimamizi wake, na barua kwamba siku zote ulikuwa ndani.

2. Cheti cha ECFMG ni ruhusa ya kupiga hodi

Nimekutana na madaktari wanaodhani cheti hicho ni leseni. ECFMG ni taasisi iliyoanza mwaka 1956 kuwachuja madaktari waliosomea nje ya Marekani kabla hawajaingia kwenye mafunzo. Unafaulu mitihani ya Step 1 na Step 2 CK, unathibitisha lugha kwa mtihani wa OET wa madaktari, diploma yako inahakikiwa na chuo chenyewe, unapewa cheti. Mtihani wa ana kwa ana na wagonjwa wa kuigiza ulisimamishwa mwaka 2020 na haukurudi, jambo lililotuokolea nauli, maana ulikuwa ukifanyika Marekani tu.

Tangu Januari 2022 Step 1 haitoi tena alama, ni kufaulu au kufeli. Kwa sisi tusiokuwa na jina la chuo linalotambulika huko, hilo lilikuwa pigo: alama kubwa ndiyo iliyokuwa ikitusemea. Na tangu 2021 hatua moja ya mtihani haijaribiwi zaidi ya mara 4. Kwa hiyo usiende "kuonja". Daktari anayekesha zamu tatu kwa wiki Kolwezi na kusoma kwa tochi umeme ukikatika, ajipe muda.

Ukishapata cheti, ndipo unaomba nafasi ya urezidenti. Patholojia huko ni miongoni mwa fani zinazowachukua wageni wengi. Hilo ni kweli, na ndilo linalotuvuta. Ila anayechaguliwa ni yule aliyekwisha kukaa na wapatholojia wa Marekani wakamwona na kumwandikia barua, na kupata mwezi wa kukaa nao kunahitaji viza, nyumba na mtu wa kukupokea.

3. Jina lako ndilo kikwazo cha kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna kitu kilichonila muda kama hiki, na sijaona mtu akikiandika.

Mkongomani ana majina matatu: nom, post-nom na prénom. Mpangilio huu unatoka kwenye siasa ya Mobutu ya uhalisia, mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipopigwa marufuku na watu wakatakiwa kubeba majina ya mababu. Prénom ilirudi baadaye, na sasa tunabeba yote. Fomu za Kiingereza zina nafasi ya jina la kwanza, la katikati na la ukoo. Lipi kati ya matatu ni la ukoo? Kaka zangu wawili hawana nom moja, kwa hiyo hata hilo swali halina jibu la nyumbani. Pasipoti hupanga kwa njia moja, diploma kwa nyingine, karatasi za alama za mwaka wa pili zimeruka post-nom kwa sababu karani alikuwa na haraka. Kompyuta ya ng'ambo inaona watu watatu.

Kabla hujajisajili popote, chukua pasipoti mkononi na uamue mpangilio mmoja, uutumie hadi mwisho: kwenye mtihani, kwenye benki, kwenye barua pepe. Kama diploma inatofautiana, tafuta hati ya mahakama au ya mthibitishaji inayosema majina haya ni ya mtu mmoja, na uitafute ukiwa ungali nchini.

Kisha diploma yenyewe. Wengi tumemaliza chuo na attestation, hati ya muda, tukafanya nayo kazi miaka, diploma ikiwa bado inatayarishwa. Ordre inakupokea, mwajiri anakupokea, mtahini wa ng'ambo hakupokei. Nenda apparitorat, ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi, wewe mwenyewe, kaa kwenye benchi, mfahamu karani kwa jina, rudi. Karatasi za alama za miaka yote ziombe kwa pamoja, zikiwa na mhuri, na nakala za ziada. Zote ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo kila moja itahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza. Waliosoma kati ya 1971 na 1981 wana jambo la ziada: diploma zao zinasema UNAZA, chuo kikuu kimoja kilichounganisha Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, na inabidi kueleza kwamba chuo hicho hakikufa, kiligawanywa.

Uhakiki wenyewe haupitii mikononi mwako. ECFMG huuliza chuo, na chuo hujibu moja kwa moja. Kama ofisa aliyeandikishwa kujibu amestaafu na hakuna aliyemrithi, faili lako linalala. Wewe huwezi kulijibia. Unachoweza ni kujua ofisa huyo ni nani na kumwambia kwa heshima kwamba ombi liko njiani. Hata Afrika Kusini, karibu na kwetu kiasi hicho, baraza lao huelekeza waliosomea nje kuhakikiwa kupitia mfumo huo huo wa ECFMG. Kazi hii, basi, ukiifanya vizuri mara moja itakufaa zaidi ya njia moja.

4. Weka daftari tangu slaidi ya kwanza

Programu za Marekani zinataka kila rezidenti wa patholojia ya anatomia afikishe angalau maiti 30 alizozichunguza, sampuli 2,000 za upasuaji, sampuli 1,500 za seli, na mashauri 200 ya haraka wakati mgonjwa angali mezani. Ukiisoma orodha hiyo Kolwezi unacheka kwanza. Sampuli za upasuaji zipo, tena za kutisha: shingo ya kizazi, matiti, ini. Seli unaweza kuzipata ukianzisha kliniki ya sindano. Maiti ndiyo shida. Familia haikubali, na ninaielewa. Mwili unasubiriwa kijijini, matanga yameanza. Zinazofunguliwa ni zile zenye réquisition ya parquet, amri ya mwendesha mashtaka, na hizo zinataka jibu la sheria, si somo. Shauri la haraka mezani linahitaji mashine ya kugandisha tishu, ambayo sehemu nyingi za mkoa hazina.

Hata hivyo andika. Tarehe, kiungo, ulichokiona, nani alisaini nawe. Bila saini ya mkubwa, kesi hiyo ni hadithi. Uingereza, daktari aliyebobea nje anaweza kuomba kuingia kwenye rejista ya mabingwa kwa njia ya jalada la ushahidi, njia iliyobadilishwa jina na masharti Novemba 2023, na jalada hilo ni daftari kama hili lililonenepa: ripoti, ukaguzi, barua, vikao. Aliyeanza kulikusanya akiwa tayari anaomba amechelewa sana.

Na vipande vya parafini vihifadhi. Mwaka 2008 watafiti walitoa katika jarida la Nature habari za kipande cha tezi ya limfu cha mwanamke wa Kinshasa, kilichochukuliwa mwaka 1960, kimekaa kwenye kumbukumbu za patholojia za chuo kikuu pale. Ndani yake kulikuwa na chembe za virusi vya UKIMWI, miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa duniani. Kipande kile hakikuhifadhiwa na mtu aliyejua kinachokuja. Aliyekihifadhi alifanya kazi yake ya Jumatatu, akaandika namba, akaweka kabatini. Namtaja kwa vijana kila wanaponiambia mkoani hakuna cha kuandika.

5. Jua ni nusu ipi ya maabara unayoitaka

Kongo, kama Ubelgiji na Ufaransa, anapath, yaani patholojia ya anatomia, ni idara moja na biolojia ya kliniki ni nyingine. Wa kwanza anakaa na tishu, wa pili na damu, vijidudu na kemia. Muhimbili nako zimegawanywa, kila moja na MMed yake. Marekani wengi huzichukua zote mbili kwa miaka 4, kwa sababu hospitali ndogo inamtaka mtu mmoja afanye yote. Aliyepikwa kwenye anatomia peke yake, akiomba kazi kwenye mji mdogo wa Iowa, ataulizwa nani atasimamia benki ya damu.

6. Leseni ni kitu kimoja, bodi ni kingine

Mwaka 2023 Tennessee ilipitisha sheria ya kuwapa leseni ya muda madaktari waliosomea na kufanya kazi nje, bila kurudia urezidenti wote, na majimbo mengine yamefuata. Habari hiyo ilizunguka WhatsApp za Lubumbashi kwa siku moja, ikiwa imeongezwa chumvi. Leseni hutolewa na jimbo. Bodi ni shirika binafsi la wataalamu, nayo haikubadilisha masharti yake kwa sababu bunge la Nashville limepiga kura. Hospitali nyingi huajiri mpatholojia mwenye bodi au anayestahili kuifanya; mwenye leseni bila bodi anaweza kujikuta anaruhusiwa kufanya kazi asiyopewa.

Uingereza jambo ni lile lile kwa sura nyingine. Mtihani wa FRCPath, wa chuo chao cha wapatholojia, uko wazi hata kwa aliye nje, nao ni mgumu na wa haki. Kuufaulu peke yake hakukuweki kwenye rejista ya mabingwa.

Na usiazime kanuni ya fani ya jirani. Wenzetu wa radiolojia, bodi yao ya Marekani ina njia ya pembeni kwa waliobobea nje: miaka 4 mfululizo kwenye taasisi moja iliyoidhinishwa. Nimewasikia wapatholojia wakiitaja kana kwamba ni yao. Soma kitabu cha masharti cha bodi yako, cha mwaka huo huo, siyo alichokumbuka rafiki.

7. Saa inahesabu hata ukiwa umelala

Hatua zote za ECFMG zikamilike ndani ya miaka 7. Ukimaliza urezidenti, bodi ya patholojia nayo inakupa miaka yenye ukomo ya kustahili mtihani. Ikiisha bila kufaulu, hujiiti tena anayestahili. Mtu aliyefaulu Step 1 akaoa, akajenga, akapata cheo kwenye zone de santé, akikumbuka tena anakuta mwanzo umeanza kuoza.

8. Nenda jirani bila haya

Kuna kasumba kwetu kwamba aliyekwenda Brussels au Paris amesoma, na aliyekwenda Dar amekwenda kununua nguo. Ufaransa wana mtihani wao kwa madaktari wenye diploma za nje ya Ulaya, EVC, na patholojia imo; ukifaulu unafanya miaka 2 chini ya uangalizi kabla tume haijakuruhusu. Kwa anayefikiri kwa Kifaransa ni njia nzuri na ninaiheshimu. Ila nafasi hutangazwa kwa idadi, na mwaka mwingine fani yako hupata chache.

Muhimbili nilipata kitu ambacho sikukipata popote: wingi. Sampuli kutoka nusu ya nchi, na mgonjwa ukimfuata wodini unaongea naye bila mkalimani. Ilinibidi kuinyoosha lugha, Kiswahili changu cha Kolwezi kilichekesha wauguzi, "dokta wa Kongo amefika." Masomo ni Kiingereza, na hapo ndipo Mkongomani huumia miezi ya kwanza. Upande huu wa Afrika una historia yake pia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya wa watoto. Wapatholojia wa Makerere, O'Conor na Davies, ndio walioonyesha kwamba ni limfoma. Ugonjwa ulichukua jina la mpasuaji. Ndivyo fani yetu ilivyo.

Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022. Usidhani kwa hiyo diploma ya Lubumbashi inapita mpakani kama ndizi. Baraza la kila nchi bado linachunguza, linasajili mgeni kwa masharti, na linalipisha. Kuna pia COPECSA, chuo cha wapatholojia wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachotahini kwa kiwango cha kanda. Kwa anayetaka kufanya kazi Lusaka, Ndola au Dodoma, mimi ningemwelekeza huko kabla ya Chicago.

9. Kurudi nako kuna faili

Bingwa aliyesomea nje hatui uwanja wa ndege wa Luano akaanza kusaini. Shahada inapelekwa wizara ya elimu ya juu Kinshasa kupata équivalence, yaani kulinganishwa na shahada za nchini, kisha Ordre inaandika utaalamu wako. Beba mtaala wa masomo, siyo cheti tu. Watauliza saa ngapi, somo gani, nani alifundisha. Yale makaratasi ya funzo la tatu yanarudi tena.

Halafu kazi yenyewe. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu biopsi ikiletwa kwenye kichupa cha maji ya kawaida, imekwisha kuharibika kabla haijapanda gari la Lubumbashi, kilomita kama 300. Mama mmoja aliniuliza miezi mitatu mfululizo, "Papa docta, majibu ya mwanangu ilishafika?" Ndiyo sababu nilirudi, na sababu nyingine ni Kasulo. Mwaka 2018 Profesa Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake wa Leuven walichapisha vipimo vya watu wa mtaa ule uliochimbwa kobalti chini ya nyumba: kobalti kwenye mkojo ilikuwa juu, hasa kwa watoto, pamoja na dalili za kuharibika kwa DNA. Walipima mkojo na damu. Miaka ikipita, maswali yatakayofuata ni ya mapafu na figo, na hayo yanajibiwa na mtu mwenye tishu, kumbukumbu na subira.

Tunapaka hematoksilini na eosini hapa hapa. Imunohistokemia tunaituma nje, na picha za slaidi ngumu nazituma kwa wenzangu wa Lubumbashi na Dar, ambao hunijibu usiku. Kinachotusimamisha mara nyingi si daktari. Maikrotomu ikipoteza makali au formalini ikikwama mpakani Kasumbalesa, bingwa mwenye bodi tatu anakaa mikono mitupu, na fundi wetu wa histolojia akiugua, idara imefungwa. Maombi niliyoandika mwaka huu ni ya kumsomesha fundi wa pili. Hadubini mpya nimeiweka chini ya orodha.